Dhima Kabla ya Kamera

Ukifika kwenye lango la taasisi ya umma, Kenya au Tanzania, macho hupokewa na ubao wenye vichwa vitatu. Cha kwanza huwa dira. Cha pili hutofautiana: wengine huandika dhamira, wengine dhima. Cha tatu huwa maadili ya msingi, na siku hizi baadhi ya watu hupendelea tunu. Chini ya kila kichwa pana sentensi iliyosheheni sifa: ubora, weledi, ubunifu, uwajibikaji. Hospitali inazo, chuo cha ufundi kinazo, ofisi ya maji inazo. Watu hupita bila kusoma, na siwalaumu. Sentensi iliyoshonwa imtoshe kila mtu haimbani yeyote.

Vichwa vyenyewe, hata hivyo, ni maneno mazito kuliko sentensi zinazowekwa chini yake. Nataka kuyapima katika shule ya filamu, tena shule ambayo ingejengwa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kwenye mji kama Kutulo, mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera. Shule hiyo haipo. Ila kisa kilichotokea kwenye barabara ipitayo mji huo kilizaa filamu iliyotazamwa dunia nzima, na filamu yenyewe ilitengenezwa na wanafunzi. Kwa hiyo swali la nini kiandikwe kwenye ubao wa shule ya filamu lina mizizi hapo hapo.

Nianze na dira. Hiki ni chombo cha nahodha, na lugha ilikitoa baharini ikakipandisha bara mpaka jangwani. Dira haimwambii nahodha aende wapi. Humwonyesha kaskazini, basi. Bandari anaijua mwenyewe. Taasisi nyingi huandika jina la bandari chini ya neno dira: kuwa chuo bora cha filamu Afrika Mashariki, kuwa kitovu cha ubunifu. Hayo ni matarajio, na matarajio hubadilika mkurugenzi akibadilika. Dira ya shule ya filamu inapaswa kuwa kitu kisichogeuka hata chombo kikigeuzwa. Naona hakiwezi kuwa kingine ila ukweli wa mtu anayeonyeshwa.

Dhamira tunaijua tangu darasa la fasihi. Mwanafunzi wa kidato cha nne akipewa riwaya huulizwa dhamira ya mwandishi, naye huitafuta chini ya matukio, kwa sababu dhamira haianikwi juu. Ndugu yake ni dhamiri, ile sauti ya ndani inayomsuta mtu usiku. Yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kiarabu, *dhamir*, lenye maana ya kilichofichika moyoni. Na wanasarufi wa Kiarabu hulitumia neno hilo hilo kuita kiwakilishi cha nafsi: mimi, wewe, yeye, sisi, wao. Kwa hiyo anayeulizwa dhamira yake anaulizwa mambo mawili kwa pamoja: unakusudia nini moyoni, na unaposema, unasema kwa nafsi ipi.

Swali la nafsi ndilo lililoanzisha shule nyingi za filamu katika eneo letu. Mwongozaji wa filamu Mira Nair alipoanzisha Maisha Film Lab jijini Kampala mwaka 2004, wazo lililoibeba lilikuwa kwamba tusiposimulia visa vyetu wenyewe, hakuna mwingine atakayevisimulia. Nafsi ya kwanza, wingi. Ni dhamira njema, na imewatoa vijana wengi kwenye viti vya watazamaji na kuwashikisha kamera. Kisa cha barabara ya Kutulo, hata hivyo, kinatulazimisha kuitazama upya.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilishambuliwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria walijua kinachowangoja. Novemba 2014 basi jingine lilikuwa limesimamishwa karibu na Mandera, abiria wakachambuliwa kwa dini, watu 28 wakauawa. Aprili 2015 uchambuzi kama huo ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Garissa, na waliouawa wakafika 148. Safari hii wenye bunduki walipotaka Waislamu wajitenge, Waislamu walikataa. Wanawake walikwisha kuwapa wenzao Wakristo hijabu wajistiri. Washambuliaji wakaambiwa wawaue wote pamoja au wawaache wote. Watu wawili walikufa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki jijini Nairobi Januari 2016.

Mwaka 2017 kisa hicho kilitoka kama filamu fupi, *Watu Wote*. Aliyeiongoza ni Katja Benrath, na ilikuwa kazi ya kuhitimu ya wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani. Ilipigwa Kenya, kwa Kiswahili na Kisomali. Adelyne Wairimu aliigiza Jua, mwanamke Mkristo aliyemo ndani ya basi, na Abdiwali Farrah akaigiza mwalimu Salah. Ilipata medali ya dhahabu katika tuzo za Oscar za wanafunzi, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe katika filamu fupi za maigizo.

Kumbe wapo wengine watakaovisimulia visa vyetu. Tena wanaweza kuvisimulia kwa heshima, kwa lugha zetu na kwa waigizaji wetu. Naipenda filamu ile. Lakini imenifunza kwamba dhamira pekee, hata iwe njema namna gani, haitoshi kuandikwa langoni. Kuuliza nani asimulie ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni msimuliaji ana deni gani kwa anayesimuliwa, na hapo ndipo ninapolitaka neno la tatu.

Dhima huonekana sana kwenye mbao za ofisi za Tanzania, na wengi huisoma kama jina jingine la kazi au jukumu. Katika fasihi tunasema dhima ya methali, dhima ya nyimbo, yaani kazi yake katika jamii. Chimbuko lake la Kiarabu ni zito zaidi: ahadi, amana, wajibu wa kumlinda mtu aliyeingia chini ya ulinzi wako. Mwenye dhima anaweza kudaiwa. Dira hukuonyesha kaskazini, dhamira ni siri ya moyo wako, lakini dhima iko kati yako na mwenzako, na mwenzako ana haki ya kukuuliza umeiweka wapi.

Wasomali wa Kutulo hawana haja ya kufundishwa wazo hili. Sheria yao ya mila, *xeer*, ina neno *magan*: mtu aliyekimbilia ulinzi wa mwingine, ambaye kumdhuru ni kumdhuru aliyempokea. Ina pia neno *birimageydo*, linalowataja wale wasiostahili kuguswa na chuma hata vita vikiwaka: wanawake, watoto, wazee, wageni, watu wa dini. Nikikifikiria kitendo cha abiria wa basi lile, siwezi kukiita uvumilivu wa kidini, istilahi inayopendwa kwenye semina. Kuvumilia ni kustahimili usichokipenda. Waliotoa hijabu walimfanya mgeni wa kiti cha jirani kuwa *magan*. Walibeba dhima.

Sasa weka neno hilo mbele ya kamera. Kiswahili kina jina zuri la mtu wa ndani ya hadithi: mhusika. Jina hilo limetokana na kuhusu, na ofisini mhusika ni yule ambaye jambo linamgusa, ambaye barua haiendi bila yeye kujua. Mwanafunzi wa filamu hujifunza haraka maana ya kwanza: mhusika mkuu, wahusika wadogo. Shule yenye dhima ingemfundisha ya pili pamoja nayo. Mama anayerekodiwa kisimani ni mhusika kwa maana zote mbili, na filamu inayompa nafasi mbele ya kamera lakini ikamnyima nafasi katika uamuzi imelitumia jina lake nusu.

Hili si jambo la kubuni. Dadaab, katika kaunti ya Garissa, kambi za wakimbizi zimekuwepo tangu 1991, na kamera zimeingia huko kila palipokuwa na njaa au vita. Huko pia shirika la FilmAid, lililoanzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo, limewafundisha vijana wa kambini kuandika, kupiga picha na kuhariri filamu. Mfikirie kijana wa kambi ya Ifo au Hagadera anayerudi kwenye mtaa wake mwenyewe akiwa na kamera na karatasi ya kusainiwa. Ana ruhusa ya kupiga picha, kwa kuwa ofisi imeitia muhuri. Kilichobaki ni kumkuta bibi aliyeketi mlangoni pa hema, ambaye pengine amekwisha kupigwa picha na wageni wengi na hakuona hata moja.

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka. Idhini hutolewa na mwenye cheo au mali. Ridhaa ni ya moyo: imetoka nyumba moja na radhi, ile ambayo mtoto huiomba kwa mzazi kabla ya safari. Bibi anaweza kuweka dole gumba kwenye karatasi bila kuridhia, kwa sababu amechoka, au kwa sababu anadhani karatasi hiyo itamletea mgao. Kijana aliyefundishwa vizuri ataketi chini, atamweleza picha itaonyeshwa wapi na nani ataiona, atamwambia kwamba akikataa hatapungukiwa na chochote, kisha atasubiri. Kazi ikikamilika atarudi kumwonyesha. Huo ni ufundi wa filamu sawa na kupima mwanga.

Nalo tendo lenyewe tulitaje kwa uangalifu. Kwenye seti za Nairobi husemwa tunashuti, na Kiswahili chenyewe hupiga picha kama kipigavyo risasi. Sidai tulibadilishe, kupiga kwetu hubeba mengi, hata hodi na magoti. Ila mahali ambapo watu wamewahi kushushwa kwenye basi na kupangwa mstari, mwanafunzi anayesema tunashuti huku akiwapanga watu mstari ajue maneno yake yanaangukia masikio gani.

Kuhusu maadili na tunu, nitasema machache. Tunu ni neno zuri. Rasimu ya katiba ya Tanzania ya mwaka 2013 ililitumia kwa utu, uadilifu na umoja wa taifa. Tunu ni kitu adimu, cha kuhifadhiwa. Maadili yamekaa karibu na uadilifu na haki. Kwa shule ya filamu nachagua maadili, kwa kuwa tunu unaweza kuiweka kabatini, lakini uadilifu huonekana pale tu unapomtendea mtu.

Nirudi kwenye nafsi. Kwa wasomaji wa Kiingereza, *Watu Wote* imeongezewa jina lenye maana ya sisi sote. Sarufi yetu haiyachanganyi mawili hayo: watu wote, ninyi nyote, sisi sote. Kiambishi kimoja kinakueleza msemaji amesimama wapi. Wenye bunduki walisema nyote, kisha wakataka kuwagawa. Abiria wakajibu kwa sote. Mwenye kamera akiwa mbali husema wote, na hana budi kuanzia hapo, maana hakuwemo ndani ya basi. Elimu ya filamu ingemfundisha njia halali ya kufika kwenye sote, na njia hiyo hupita kwenye dhima.

Basi ubao wa shule ya Kutulo ningeuandika hivi. Dira: ukweli wa mtu anayeonyeshwa. Dhamira: kusema sisi sote bila kumsemea yeyote asiyeridhia. Dhima: kila aliyeingia kwenye picha yetu yuko chini ya ulinzi wetu, kabla ya kurekodi, wakati wa kuhariri, na baada ya tuzo. Maadili: ridhaa, uadilifu, na kurudi kumwonyesha. Uandikwe kwa Kiswahili na Kisomali, kwa herufi ambazo mfugaji aliyekuja kuuza mbuzi anaweza kuzisoma au kusomewa. Na siku akiona picha yake imemsaliti, aingie langoni, aunyoshee kidole mstari wa tatu, na shule ilipe deni lake.