Dini na Haki katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Uislamu una umri wa takriban miaka 1,000 katika pwani ya Kilwa, na Ukristo umeishi nao huko kusini kwa karibu miaka 150. Katika muda huo wafuasi wa dini hizo wamebishana kuhusu Mungu na mitume wake, lakini mabishano yaliyoacha alama katika maisha ya watu yalihusu jambo jingine: nani ahesabiwe mtu kamili mwenye haki zake, na nani aachwe nje. Hata watu wa dini moja hawakukubaliana juu ya hilo.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Msafiri huyo anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akampa. Watu walipomsifu sultani kwa unyenyekevu wake, akamwongezea fakiri yule watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tukio hilo lilisimuliwa kwa heshima, kama mfano wa uchaji. Sultani huyohuyo alipeleka askari bara kuteka watu na mali, kisha akatenga sehemu ya tano ya ngawira kama Kurani inavyoagiza. Wanaosifu dola ya Kilwa kwa misikiti yake na majumba ya Husuni Kubwa hawana budi kuyatazama yote mawili. Sadaka ilikuwa ya kweli, na waliotolewa sadaka hawakuulizwa neno.

Ukristo wa kwanza kuonekana katika kisiwa cha Kilwa ulikuja na mizinga. Mwaka 1505 majeshi ya Ureno chini ya Francisco de Almeida yaliteka mji na kuupora, mapadri wa Kifransisko wakiwa pamoja nao, na ngome ikajengwa. Baada ya miaka michache Wareno waliondoka, na hawakuacha kanisa wala waumini.

Biashara ya watumwa ilikua zaidi baadaye. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 soko lilihamia Kilwa Kivinje, mji wa bara uliokuwa mwisho wa njia ndefu kutoka Ziwa Nyasa. Katika miaka ya 1860 zaidi ya watu 10,000 kwa mwaka walipakiwa majahazini hapo, wengi wao Wayao, Wanyasa na Wangindo. Wafanyabiashara wake walikuwa Waislamu wa pwani na Waarabu, mitaji ilitoka kwa Wahindi, na wanunuzi kwa muda mrefu walikuwamo Wakristo wa Ulaya. Hakuna dini iliyotoka katika biashara hiyo na mikono safi.

Katika mji huo huo alianza kazi mwanachuoni ambaye jina lake lastahili kujulikana zaidi kuliko lilivyo. Sheikh Abdul Aziz al-Amawi alizaliwa Barawa, na Sayyid Said, sultani wa Unguja, akamteua kuwa kadhi wa Kilwa hali bado kijana ambaye hata miaka 20 hajaitimiza. Baadaye akawa kadhi Unguja, na huko akajuana na Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu ya Kianglikana, UMCA. Steere alipokuwa akikusanya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kitabu chake cha sarufi kilichotoka 1870, kadhi alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora kabisa. Kazi haikufika mbali. Kadhi alikuwa na shughuli nyingi, na Steere aliona kwamba lugha yake ilikuwa ya wasomi mno kwa watu aliokusudia kuwahubiri. Al-Amawi hakuwa mtu wa kulegeza imani yake. Alijadiliana na wamisionari hadharani na kuwapinga kwa hoja, akabaki mwalimu wa Qadiriyya, tariqa ya kisufi, mpaka alipofariki 1896. Hata hivyo aliona Zaburi za Daudi kuwa kitabu anachoweza kukishughulikia pamoja na padri bila kupungukiwa na kitu. Mazungumzo ya dini mbili katika Afrika Mashariki yana sehemu ya mizizi yake hapo, katika meza ya tafsiri, muda mrefu kabla ya kuwapo kamati rasmi za viongozi wa dini.

Mwaka 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Uingereza, alifunga masoko ya watumwa, na 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Mwaka huohuo Steere, aliyekuwa sasa askofu, aliondoka Unguja na zaidi ya watu 50 waliokombolewa kutoka majahazini, ambao misheni iliwaita mateka. Walishukia Lindi wakapanda kwa miguu kuelekea nchi ya Wayao walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi waliona nchi ina maji na udongo mzuri, wakasema wamefika karibu vya kutosha na kwao, wakakaa. Hivyo kanisa la kusini lilianzishwa na watu waliokuwa wameuzwa, si na wazungu peke yao. Mmoja wa watu wa asili hiyo, Cecil Majaliwa, alikombolewa utotoni, akafanya kazi Chitangali kuanzia 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Kwa miaka kadhaa aliongoza kituo chake bila mzungu juu yake, katika vijiji ambamo misafara ya pwani ilikuwa bado inapita na walimu wa Kurani walikuwa wanaanza kufika.

Wabenediktini wa Ujerumani walikuja baada ya serikali yao kushika pwani. Walijenga Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao 1896, karibu na njia ya kutoka Lindi kwenda bara. Tofauti yao na Waanglikana ilionekana mapema: misheni yao na serikali zilitoka taifa moja, na wananchi hawakuwa na sababu kubwa ya kuzitenganisha.

Gharama ya hali hiyo ilionekana mwaka 1905. Katika milima ya Umatumbi, kaskazini-magharibi mwa Kilwa, watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya jumbe kwa ujira duni au bila ujira, huku chakula chao kikiachwa shambani. Wasimamizi walikuwa maakida, wengi wao Waislamu wa pwani walioandikwa na Wajerumani. Huko Ngarambe Kinjeketile Ngwale alitangaza maji yatakayozuia risasi, akawaambia watu wa makabila mengi kwamba wao ni wamoja. Mwezi Julai, huko Nandete, pamba iling'olewa, na mashambulizi ya kwanza yalimlenga akida wa Kibata. Kinjeketile alinyongwa Mohoro mapema Agosti, lakini vita vilikuwa vimekwisha kusambaa.

Vita vya Majimaji huelezwa mara nyingi kama vita vya dini za jadi dhidi ya wageni, na maelezo hayo hayatoshi. Miongoni mwa viongozi wa Wangindo alikuwamo Abdalla Mapanda, na maji yalinywewa na watu wenye majina ya Kiislamu na wasio na dini ya kitabu. Waliokuwa upande wa pili nao walikuwa mchanganyiko: akida Mwislamu, mfanyabiashara wa Samanga, askari Msudani, padri Mjerumani. Mstari uliowagawa watu ulipita kati ya wanaolimishwa na wanaolimisha. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, akisafiri kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili karibu na Liwale. Lukuledi ikachomwa, na Nyangao ikashambuliwa mwishoni mwa mwezi. Masasi wamisionari walikimbilia Lindi. Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee wa Umatumbi katika miaka ya 1960, alikadiria watu 250,000 hadi 300,000, wengi wakifa kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala.

Wabenediktini walirudi na kufanya Ndanda kuwa makao mapya mwaka 1906. Hospitali na shule zao zikaja kuwa kubwa katika sehemu zile, na ni haki kusema kwamba somo la 1905 liliwafikia. Lakini kilichokua kwa kasi zaidi baada ya vita kilikuwa Uislamu. Watu wa vijijini waliopoteza watambikaji na majumbe wao waligeukia dini ya pwani kwa masharti yao wenyewe. Kabla ya vita waungwana wa Kilwa na Lindi waliwaita washenzi. Baada ya kusilimu, mtu wa Umwera au Ungindo alisimama safu moja na muungwana msikitini, na muungwana hakuwa na hoja ya kumwondoa. Tariqa ziliharakisha jambo hilo. Katika zikri za Qadiriyya na Shadhiliyya watumwa wa zamani na wanawake walipata nafasi ambayo misikiti ya matajiri haikuwapa. Kilwa ikawa makao ya Shadhiliyya chini ya Sheikh Hussein bin Mahmud, aliyeiongoza kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Serikali iliogopa mwamko huo. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilisomwa Lindi ikihimiza watu kutubu na kuswali, nao Wajerumani wakaiona kuwa dalili ya vita vingine, wakakamata watu.

Kwa hiyo misheni na tariqa zilifanya kazi inayofanana katika vijiji jirani, kila upande ukimpa aliyedharauliwa jina jipya na jamaa mpya. Katika jando ufanano huo ulionekana wazi. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, aliona kwamba kijana Mkristo asiyetahiriwa huhesabiwa mtoto maisha yake yote, na kwamba kumkataza jando ni kumtoa katika ukoo. Mwaka 1913 mapadri Waafrika na wazee walianza jando la Kikristo, ambamo sala zilichukua nafasi ya matambiko. Walimu wa Kiislamu nao walikuwa wakifanya vilevile kwa dua na visomo. Wazee walitazama mafunzo ya heshima na wajibu, wakaona yamebaki. Familia zenye Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, ambazo ni za kawaida sana Lindi na Masasi, ziliweza kuendelea kwa sababu dini zote mbili zilikubali kupita katika mlango huo.

Shuleni haikuwa hivyo. Elimu ya kisasa wakati wa ukoloni ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto atarudi amebatizwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Matokeo yake, pwani yenye mapokeo ya kale ya kusoma na kuandika iliingia katika uhuru ikiwa na wasomi wachache wa vyeo vya serikali kuliko bara, na manung'uniko hayo hayajaisha. Serikali ilipotaifisha shule kwa sheria ya 1969 na kufungulia watoto wote milango bila kuulizwa dini, makanisa yalipoteza mali, lakini dhuluma ya kweli iliondolewa.

Muda mfupi kabla ya hapo askofu wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, aliyeongoza dayosisi kati ya 1960 na 1968. Alikuja akiwa amekwisha kuwa adui wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na alimwunga mkono Nyerere waziwazi. Vita vya Msumbiji vilipoanza 1964 maelfu ya wakimbizi walivuka mto Ruvuma. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ikapata kambi ya mafunzo Nachingwea, na wakimbizi wakapewa ardhi Rutamba, Lindi, katika makazi yaliyohudumiwa na shirika la Kikristo la TCRS pamoja na serikali na Umoja wa Mataifa. Majirani wengi walikuwa Waislamu, na wageni wengi walikuwa Wamakonde wenye ndugu pande zote za mto.

Ushirikiano rasmi wa viongozi wa dini ulichelewa kuja. BAKWATA, baraza la Waislamu, iliundwa 1968, Jumuiya ya Kikristo Tanzania ilikuwapo tangu 1934 na Baraza la Maaskofu Katoliki tangu 1956, lakini kila chombo kilisema na serikali kivyake. Ghasia za mabucha ya nguruwe Dar es Salaam mwaka 1993 zilionyesha hatari ya hali hiyo. Kilichowakutanisha hatimaye kilikuwa madini. Mwaka 2008 vyombo hivyo vitatu vilitoa kwa pamoja ripoti iliyoonyesha jinsi nchi ilivyokuwa ikipata kidogo kutokana na dhahabu yake, na 2012 nyingine iliyokadiria kwamba misamaha na ukwepaji wa kodi vilikuwa vikiinyima Tanzania zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Sheria ya madini ya 2010 iliongeza mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Sheikh, askofu wa Kikatoliki na mchungaji waliweza kutia saini karatasi moja kwa sababu ilihusu mali ya watu na haikuomba mtu alegeze imani yake.

Hoja hiyo inaihusu pwani hii moja kwa moja. Gesi iligunduliwa Songo Songo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Vurugu za Mtwara za 2012 na 2013 zilitokana na malalamiko kwamba utajiri unapita kusini bila kushuka. Bomba la pili, kutoka Mtwara kupitia Lindi na Kilwa, lilizinduliwa 2015. Wakazi wa Likong'o, nje kidogo ya mji wa Lindi, walihamishwa kupisha mradi wa kiwanda cha gesi asilia iliyosindikwa, na fidia yao ilianza kulipwa mwaka 2020. Huko nako wanaodai haki ni Waislamu na Wakristo wa vijiji vilevile, na madai yao yanahusu ardhi, ajira na mgawanyo wa mapato.