Sakafu kwanza, rangi baadaye: kupendezesha nyumba yako Kanda ya Ziwa

Kila msimu wa mavuno unapoisha, maswali ya nyumba huongezeka kwenye kipindi chetu. Mmoja ameuza pamba, mwingine mpunga, mwingine dagaa. Ameona kwenye simu picha ya sebule yenye sakafu ya mbao inayong'aa na ukuta wa kijivu, naye anauliza: "Mtangazaji, na mimi nianzie wapi?" Hewani dakika hazitoshi, ndiyo maana tumeandika makala haya uyasome taratibu na umwoneshe fundi wako.

Jibu kwa kifupi: anzia chini. Kama fedha ni ya kazi moja tu msimu huu, iende kwenye sakafu. Kuta zifuate, kisha rangi, kisha dari. Mapazia na makochi yana muda wake.

Kapeti niliyomnunulia mama

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia mama kapeti ya plastiki yenye picha ya mbao, nikaitandika sebuleni kwake Magu juu ya sakafu ya udongo. Siku ile majirani walikuja kuangalia. Masika ilipokwisha tuliifunua kufagia chini yake. Tulikuta ukungu mweusi, mende na harufu ya unyevu, na mtoto wa dada yangu alikuwa amelala juu ya kapeti hiyo miezi yote mitatu huku akikohoa.

Udongo hupitisha unyevu kutoka ardhini. Ukiufunika kwa plastiki, unyevu hauna pa kutokea, unabaki hapo chini na kulisha ukungu na wadudu. Kapeti haikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyeiweka mahali pasipostahili.

Kwa nini sakafu inagusa afya

Mtoto anayetambaa huweka mikono chini, kisha mdomoni. Kama chini ni udongo ambao kuku na mbuzi wanapita, mayai ya minyoo huingia naye. Yupo pia funza. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini na kufika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli, kisha akasambaa barani kwa njia za misafara hadi huku kwetu. Viluwiluwi vyake hukua kwenye vumbi na mchanga mkavu, hata ule wa ndani ya chumba cha kulala. Sakafu ngumu inayofagiwa na kupigwa deki humnyima pa kuzalia.

Nchini Mexico, mwaka 2000, serikali ya jimbo la Coahuila ilianza kuzipa familia maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo. Mpango ule uliitwa Piso Firme, yaani sakafu imara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba pale ambapo nyumba nzima ilibadilishwa kutoka udongo kwenda saruji, vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama nao walisema wanayaridhia zaidi maisha yao. Kwa hiyo mama anayekuomba sakafu kabla ya kochi ana hoja nzito.

Sakafu ya saruji: hesabu ya chumba kimoja

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa mita 3. Anza kwa kuangalia udongo. Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga, kazi ni rahisi. Kwenye mbuga, udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, chimba uutoe, ujaze moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka ukinyunyiza maji. Sakafu nyingi zinazopasuka hupasuka kwa sababu hatua hii ilirukwa.

Juu ya moramu panga mawe, ambayo Mwanza tumejaliwa, na uyashindilie. Tandika nailoni nene ya kuzuia unyevu, halafu mwaga zege la unene wa inchi 3. Kipimo kinachofaa ni mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo 5 za mchanga na ndoo 10 za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Chumba hiki kitakula mifuko kama 3 kwa zege. Sakafu laini ya juu, yenye unene wa inchi 1, itakula mifuko mingine kama 2, na niru humwagwa hapo hapo kabla haijakauka. Hesabu mifuko 5 hadi 6 kwa chumba.

Mambo matatu ya kumsimamia fundi:

Kwanza, maji yasizidi. Zege la uji ni rahisi kumwaga lakini likikauka huwa dhaifu na hutoa vumbi.

Pili, kumwagilia. Sakafu mpya ifunikwe magunia na imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi. Saruji hupata nguvu kwa maji. Ikiachwa ikaushwe na jua itapasuka.

Tatu, mchanga. Uwe safi usio na tope, na usichotwe ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ufuko unaochimbwa leo ndio shamba litakaloliwa na maji kesho.

Kama saruji haifikiki mwaka huu

Bado kuna njia. Nchini Rwanda familia nyingi zimewekewa sakafu za udongo zilizoboreshwa. Moramu, mchanga na udongo wa mfinyanzi hupangwa kwa tabaka na kushindiliwa sana, kisha juu hupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa gamba gumu lisilopitisha maji. Gharama yake ni ndogo kuliko saruji, na sakafu hupigwa deki kama kawaida. Gamba hilo linahitaji mafuta maalumu yanayokauka. Usijaribu kwa mafuta ya kula ya alizeti, utaishia na sakafu inayonata.

Kwa mwenye fedha ya kushindilia tu, ashindilie. Inua sakafu ya ndani iwe juu kuliko uwanja wa nje, chimba mfereji wa kutoa maji ya mvua, na hamishia mifugo kwenye banda lake. Bibi zetu walisiriba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na kweli vumbi lilipungua, lakini kusiriba hakuzuii minyoo na kunataka kurudiwa mara kwa mara.

Vipi ile sakafu ya mbao?

Sakafu ya mbao inapendeza, nami sitakukatisha tamaa. Ila mbao halisi haitaki kugusana na ardhi. Inapigiliwa juu ya boriti zilizoinuliwa, hewa ipite chini, na kila kipande kiwe kimewekewa dawa ya mchwa. Ukiikosea, mchwa wa Sukumani hawatakuonea huruma. Mkoa wetu una misonobari ya mashamba ya serikali ya Rubya, Ukerewe, na Buhindi, Buchosa, lakini mbao hiyo laini hufaa zaidi kwenye dari, kenchi na fremu za picha kuliko kukanyagwa.

Unayependa sura ya mbao, subiri sakafu ya saruji ikauke kabisa, kisha tandika ile kapeti ya plastiki yenye picha ya mbao. Hapo ndipo mahali pake. Ifunue mara moja kwa mwezi, pafagiwe na papate hewa.

Kuta: usivalishe udongo koti la saruji

Wengi wenye nyumba ya tofali mbichi hukimbilia kupiga lipu ya saruji. Baada ya mwaka mmoja au miwili lipu inabanduka vipande vipande. Ukuta wa udongo huvimba na kusinyaa kidogo kidogo kila msimu, wakati saruji ni ngumu na haifuati, hivyo vinaachana. Maji nayo yakiingia kwenye ufa hukaa nyuma ya lipu na kuulainisha ukuta.

Ukuta wa udongo upewe lipu ya udongo: udongo uliochekechwa, mchanga na majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi, yakandwe na kuachwa yalale siku kadhaa. Ikikauka, paka chokaa. Changanya chokaa ya unga na maji, iache usiku mzima, kisha upake mikono miwili au mitatu myepesi juu ya ukuta ulionyunyiziwa maji. Vaa glovu na ulinde macho, chokaa inaunguza. Watoto wakae mbali.

Ukuta wa tofali za kuchoma au za saruji hupokea lipu ya saruji vizuri. Subiri kama wiki 4 ikauke kabla ya kupaka rangi, la sivyo rangi itavimba na kuchubuka.

Jambo moja kwa vijiji vinavyopuliziwa dawa ukoko ya kuua mbu: dawa ile hufanya kazi ikiwa juu ya ukuta. Ukisiriba au kupaka rangi baada ya kupuliziwa, umeizika. Panga kazi ya kuta imalizike kabla wapuliziaji hawajafika.

Rangi: mwanga kwanza

Nyumba nyingi za kijijini zina madirisha madogo, na jioni taa ni moja ya sola. Rangi nyeupe, maziwa au njano hafifu hurudisha mwanga, chumba kikaonekana kikubwa na mtoto akasoma bila kuinamia daftari. Kijivu kizito cha kwenye simu kilipigwa picha kwenye nyumba yenye dirisha la ukuta mzima. Kwako kitaleta giza.

Fanya kama zahanati na shule zetu: sehemu ya chini ya ukuta, kama mita moja, ipakwe rangi ya mafuta ya kahawia, kijani au bluu, kwa sababu inafutika. Juu weka rangi ya maji nyeupe, ambayo ni nafuu na rahisi kurudia. Soma kopo, uchague rangi isiyo na madini ya risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto anayelamba au kubandua ukuta.

Na urembo? Hatuhitaji kuuazima wote. Wasukuma walichora kwenye kuta kabla ya rangi za kopo. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro iliyokuwa kwenye kuta za nyumba za vyama vya wacheza na nyoka. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, utaona namna maumbo yetu yanavyoweza kupamba jengo. Udongo mwekundu, mkaa uliosagwa na chokaa vinatosha kuchora mstari wa pembetatu kuzunguka sebule. Gharama yake ni jioni moja na mkono usiotetemeka.

Dari na upenyo wa juu

Mbu wa malaria hupenda kuingia kwenye upenyo kati ya ukuta na paa. Uzibe kwa udongo au tofali, na weka wavu madirishani ili hewa isikatike. Dari ya mbao au jipsamu ije mwisho, hupunguza joto la bati mchana na kelele za mvua usiku. Jiko la kuni lisibaki ndani, moshi utaiharibu rangi mpya na vifua vya wapishi.

Ukigawa kazi kwa misimu

Msimu wa kwanza: mfereji wa nje, na sakafu ya chumba wanacholala watoto. Msimu wa pili: sakafu ya sebule na upenyo wa juu. Msimu wa tatu: lipu na rangi. Dari na kapeti zifuate.

Mama yangu sasa ana sakafu ya saruji. Kapeti ile tuliifua na kuianika, na ipo hadi leo. Mjukuu wake hulala juu yake mchana, na chini yake hakuna ukungu.