Siri Kuu ya Mwana wa Mfalme

Katika mwaka wa 1657, ambao ni 1067 kwa hesabu ya Hijra, mapandita na masanyasi wa Banaras, mji mkuu wa elimu ya Wahindu, waliketi kwa muda wa miezi sita katika nyumba ya kifalme mjini Delhi, kando ya mto Yamuna, wakisoma na kueleza maneno ambayo wazee wao waliyahifadhi vifuani kwa kukariri kabla hayajatiwa katika maandishi. Na kila waliposoma, maneno yale yalitolewa katika Kisanskriti na kuvikwa Kiajemi, lugha ya diwani na ya washairi wa zama zile. Aliyewaita, akawakirimu, akasimamia kazi yao tangu awali hata tamati, alikuwa Dara Shikoh, mwana mkubwa wa Shah Jahan, sultani yule aliyejenga Taj Mahal. Kitabu kilichotoka katika baraza hiyo kiliitwa Sirr-i Akbar, yaani Siri Kuu, na ndani yake mlikuwa na Upanishad zipatazo hamsini.

Tarjuma haikuwa jambo geni katika nyumba ya masultani wa Mughal. Babu wa baba yake, Akbar, aliamuru utenzi mrefu wa Mahabharata ufasiriwe kwa Kiajemi, na miongoni mwa waliopewa amri hiyo alikuwamo mwanachuoni Badauni, aliyeifanya kazi kwa kinyongo na kulalamika katika tarikh yake kwamba ametiwa katika shughuli ya upuuzi. Dara hakuamriwa na mtu. Alikuwa sufi wa tariqa ya Qadiriyya, tariqa ile ile ambayo dhikri zake zinajulikana sana Unguja na Bagamoyo na kote ilikopelekwa na khalifa wa Sheikh Uways wa Barawa. Na shekhe wake alikuwa Mulla Shah, aliyekuwa akikaa Kashmir. Katika dibaji ya Siri Kuu anasimulia mwenyewe kwamba kiu yake ilikuwa ni tauhidi, na kwamba alipoisoma Taurati, Zaburi na Injili aliona jambo hilo limetajwa kwa mukhtasari na kwa ishara, naye akitaka ufafanuzi. Ndipo akageukia vitabu vya kale vya watu aliokaa nao nchi moja. Hata alipovisoma akafikia neno zito, kwamba kitabu kilichofichwa, kinachotajwa katika Sura ya Waqia, ndicho hicho alichokishika mkononi.

Sina haja ya kuitetea hoja hiyo, wala sidhani kuwa wengi miongoni mwa maulamaa, wa zama zake au wa leo, wangeipokea. Nataka msomaji aone tu kwamba mtu huyu hakuikusudia tarjuma yake iwe zawadi kwa Wahindu wala tamasha la baraza, bali alitafuta ndani yake sharhi ya Kitabu chake mwenyewe.

Upanishad zenyewe ni sehemu ya mwisho ya Veda, vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu, na zilizo kongwe miongoni mwake zilikuwako kabla ya kuzaliwa Nabii Isa kwa karne kadhaa. Wanaofasiri jina lake husema kuwa asili yake ni kuketi chini karibu na mwalimu, na kwa kuwa mambo yanayosemwa katika ukaribu wa namna hiyo hayatangazwi sokoni, neno likapata pia maana ya siri. Hapo ndipo Dara alipolipata jina la kitabu chake. Ni mazungumzo ya baba na mwana, ya mume na mke, ya mfalme na mganga wa roho, na aghalabu ni mafupi mno. Katika moja yake, Chandogya, yumo kijana Shvetaketu aliyekwenda chuoni ana miaka 12 akarudi ana miaka 24, amejaa elimu na kiburi kwa pamoja, na baba yake Uddalaka akaona heri amfunze upya. Akamwambia atie chumvi katika maji usiku ule. Asubuhi akamtaka airudishe, naye asiione. Akamwambia aonje maji ya juu, kisha ya kati, kisha ya chini, na kote alikoonja akakuta chumvi. Kisha baba akamfahamisha kwamba asili ya viumbe vyote isiyoonekana imeenea namna hiyo, na akamalizia kwa maneno matatu ya kumwonyesha kijana nasaba yake na asili hiyo.

Maneno matatu, na wanavyuoni wa India wamegombana juu yake kwa karne nyingi. Shankara, aliyeishi katika karne ya 8 kwa hesabu ya wengi, alifahamu kwamba baba anamwambia mwanawe kuwa yeye na asili hiyo ni kitu kimoja hasa, hapana wawili. Ramanuja, aliyekuja karne mbili tatu baadaye, alikiri umoja lakini si wa namna hiyo, maana kwake roho ni kwa Mungu kama mwili ulivyo kwa nafsi inayouhuisha. Madhva, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi ya wote: kwa kuwa Kisanskriti huunganisha neno na neno mpaka mpaka wake ukafichika, alisema kwamba wenzake wameukata msitari pasipostahili, na kwamba ukikatwa vyema huonekana herufi moja ya kukanusha, ikawa baba anamwambia mwanawe kuwa yeye siye. Mtu aliyepata kusoma tenzi zetu za kale katika hati za Kiarabu, ambamo herufi ya be huweza kuwa ba, au pa, au mba, kwa kadiri msomaji anavyokijua Kiswahili, hatastaajabu kusikia kwamba madhehebu mazima yanaweza kusimama juu ya namna ya kusoma herufi moja.

Haya ndiyo yanifanyayo niseme kwamba tarjuma ya vitabu vya namna hii pasipo sharhi ni mlango uliofunguliwa kwenye chumba cha giza. Mfasiri wa maneno hayo matatu hana budi kuchagua baina ya Shankara na Madhva, apende asipende, na hata asipoandika neno moja la maelezo, uchaguzi wake ni sharhi tayari, tena sharhi iliyofichwa. Mapandita waliokaa na Dara walikuwa wamelelewa katika sharhi, na inadhihirika katika Kiajemi chao kwamba maelezo ya Shankara yalikuwa yakitajwa pamoja na matini, yakaandikwa pamoja nayo bila alama ya kuyatenga. Sharhi ikayeyuka katika asili kama chumvi ile ya Uddalaka, msomaji akawa anaionja kote asiione mahali. Fauka ya hayo, Dara alipenda kuyapa majina ya Kihindu wenzi wake wa Kiislamu, hata katika vitabu vyake Brahma ni Jibrili, Vishnu ni Mikaili, na Mahadeva ni Israfili. Wanaoshika mizani ya lugha husema hiyo ni aibu ya mfasiri. Mimi naona aibu ni ndogo na faida ni kubwa, ila ningependa angefanya kama Sheikh Abdulla Saleh Farsy alivyofanya katika Qurani Takatifu yake ya mwaka 1969, akaiweka tafsiri mahali pake na maelezo mahali pake, ili mwenye kutaka kubishana na mfafanuzi asidhani kuwa anabishana na Kitabu.

Kazi ilipokwisha, mfasiri hakubakiwa na siku nyingi. Mnamo Septemba mwaka huo huo wa 1657 Shah Jahan aliugua, na wanawe wanne wakachomoleana panga. Dara alishindwa huko Samugarh mwezi wa Mei 1658 na ndugu zake Aurangzeb na Murad, akakimbia kutoka nchi hata nchi, akasalitiwa na mwenyeji aliyemwamini, akapitishwa katika njia za Delhi juu ya tembo mchafu, watu wakilia. Mwaka 1659 aliuawa. Waliomhukumu walisema ameritadi, na miongoni mwa ushahidi uliotajwa ni pete yake iliyochorwa jina la Mungu kwa Kihindi. Hukumu ile ilikuwa ya siasa kabla ya kuwa ya dini, kwa sababu mrithi wa kiti aliye hai hamwachi usingizini aliyekinyakua. Hata hivyo mtu asisahau kwamba katika hati ya mashitaka tarjuma nayo ilihesabiwa. Alizikwa katika uwanja wa kuba ya Humayun, miongoni mwa makaburi mengi yasiyo na majina.

Siri Kuu ilibaki, ikinakiliwa kwa mkono. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1775, nakala yake moja ilimfikia Paris Abraham Hyacinthe Anquetil-Duperron, iliyopelekwa na Le Gentil, Mfaransa aliyekuwa mwakilishi katika baraza ya Nawabu wa Awadh. Anquetil hakuwa mtu wa kawaida. Alipokuwa kijana alijiandikisha askari ili tu apate safari ya India, akakaa Surat kwa makuhani wa Waparsi mpaka akapata vitabu vyao, akarudi kwao mwaka 1762 na hati zipatazo 180. Alikijua Kiajemi, Kisanskriti hakukijua. Alianza kuifasiri Siri Kuu kwa Kifaransa, kazi isimridhishe, akaiacha, akaanza tena kwa Kilatini, akifuata mpangilio wa maneno ya Kiajemi neno kwa neno, na pale alipoogopa kuharibu aliliacha neno la Kiajemi lilivyo. Mapinduzi ya Ufaransa yalipita juu ya kichwa chake naye yu katika chumba chake, fukara wa hiari, akila kidogo na kuandika. Majalada mawili ya tarjuma hiyo, aliyoiita Oupnek'hat, yalichapishwa Strasbourg mwaka 1801 na 1802, na mwaka 1805 yeye akafa.

Basi fikiri, msomaji: maneno ya Kisanskriti, yaliyochanganyika na sharhi ya karne ya 8, yaliyopitia vinywa vya mapandita hadi Kiajemi cha sufi, na kutoka hapo hadi Kilatini kinachochechemea cha Mfaransa asiyeijua lugha ya asili. Mtu mwenye busara angesema hapana kilichosalia. Lakini mnamo 1814 kijana wa Kijerumani, Arthur Schopenhauer, aliazima majalada hayo katika maktaba ya Weimar, na tangu siku hiyo hakuachana nayo hata uzeeni. Aliyaweka mezani, akayasoma kabla ya kulala kama wengine wasomavyo nyiradi, na katika falsafa yake, iliyotoka mwishoni mwa 1818, akaitaja Upanishad pamoja na Plato na Kant kuwa walimu wake. Mbwa wake nao, mmoja baada ya mwingine, aliwaita Atma, neno la Kisanskriti la nafsi. Sijui Uddalaka angesema nini.

Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Ram Mohan Roy, Mbengali aliyekijua Kiarabu na Kiajemi sawa na Kisanskriti, alianza mwaka 1816 kutoa Upanishad kwa Kibengali na Kiingereza mjini Calcutta. Kazi yake haikuimbwa Ulaya kama ile ya Anquetil, lakini kwa hukumu yangu ni yeye aliyefanya jambo gumu zaidi, kwa sababu aliyatoa maneno hayo kwa majirani zake, wenye maduka na makarani wasioruhusiwa kuyasikia, na mapandita wa kwao wakamkasirikia usoni. Kufasiri kwa ajili ya watu wa mbali kunamletea mtu sifa. Kufasiri kwa ajili ya watu wa mtaani kunamletea maadui, na yafaa thamani ya tarjuma ipimwe kwa hilo pia.

Baadaye walikuja wataalamu. Max Müller, aliyekuwa amekwisha kutumia miaka 25, tangu 1849 hadi 1874, kuichapa Rigveda pamoja na sharhi ya Sayana ya karne ya 14, alitoa Upanishad zake kwa Kiingereza mwaka 1879 na 1884, safari hii kutoka Kisanskriti chenyewe, na akasema katika dibaji kwamba kuona njia katika Kilatini cha Anquetil kulitaka macho makali kama ya Schopenhauer. Alisema kweli. Paul Deussen, mfuasi wa Schopenhauer, akafuata mwaka 1897 kwa kufasiri Upanishad 60 kwa Kijerumani, na hakuona haya kuingiza zilizomo katika mkusanyo wa Dara, akizitafutia asili yake ya Kisanskriti. Makosa ya mwana wa mfalme yakaonekana moja moja, na walioyaona ni watu ambao wasingeitafuta njia hiyo kama yeye hakuipita kwanza.

Kiajemi chenyewe cha Dara kilikawia kupigwa chapa zaidi ya tarjuma zake zote. Kilatini kilichotokana nacho kilikuwa kimezeeka katika maktaba za Ulaya kwa karne moja na nusu wakati Tara Chand, mwanahistoria wa India, na mwenzake wa Iran, Jalali Naini, walipoihakiki Siri Kuu wakaipiga chapa mjini Tehran, katikati ya karne ya 20, miaka mia tatu hivi tangu mapandita wa Banaras walipoinuka katika nyumba ile ya kando ya Yamuna.