Jeni iitwayo Kiboko: inzi wa ndizi anatufundisha nini kuhusu uvimbe?

Msikilizaji wa Katindiuka, ukiacha ndizi iliyoiva sana mezani, kesho yake utakuta inzi wadogo wenye macho mekundu. Si yule anayetoboa maembe mtini. Huyu hufuata tunda lililoanza kuchacha. Wanasayansi wamemfuga maabara kwa zaidi ya miaka 100, kwani kutoka yai hadi inzi kamili huchukua siku 10 hivi.

Kwa nini Kiboko?

Mwaka 2003 watafiti walieleza jeni ya inzi huyu ambayo ikiharibika, tishu za kichwa hukua kupita kiasi na ngozi hujikunja kama ya kiboko. Wakaiita Hippo, yaani kiboko, mnyama yuleyule wa mto wetu Kilombero.

Inafanyaje kazi?

Mwili hukua kwa seli kugawanyika. Fikiria baiskeli. Protini iitwayo Yorkie ni pedali: inaamuru seli zigawanyike. Hippo ni mkono wa breki, na protini nyingine, Warts, ni waya wake. Kiungo kikifikia ukubwa wake, Hippo huivuta Warts, nayo huizuia Yorkie. Waya ukikatika, seli huendelea kuongezeka, na zilizopaswa kufa hazifi.

Inatuhusu nini?

Binadamu tuna breki kama hiyo. Pedali yetu huitwa YAP. Mwaka 2007 watafiti waliiongeza YAP kwenye maini ya panya, yakakua mara nne hivi. Walipoizima, yakarudi kuwa madogo. Ilipoachwa muda mrefu, saratani ikatokea. Kwa binadamu pia, YAP imekutwa ikifanya kazi kupita kiasi katika saratani kadhaa, ikiwemo ya ini.

Hippo ni moja tu kati ya breki nyingi za mwili. Tumbaku, virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu ni miongoni mwa vitu vinavyoongeza hatari ya saratani.

Kwa hiyo saratani si kurogwa wala laana. Ni seli zilizopoteza breki. Wala si kila uvimbe ni saratani, lakini kwa macho tu huwezi kujua. Ukiona uvimbe usiopungua, au kidonda kisichopona, wahi hospitali upimwe. Saratani ikigundulika mapema, nafasi ya kutibika ni kubwa zaidi.