Mlango wa Shule na Watoto Walioachwa Nje

Historia ya usharika haiandikwi kwa kuhesabu ubatizo, kipaimara na majengo peke yake. Miaka mia moja inapoadhimishwa, ni haki kuuliza pia ni watoto wa nani waliofunguliwa mlango wa elimu, na ni wa nani waliobaki nje wakiutazama.

Katika nchi hii darasa lilifuata misheni. Walutheri wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910. Kusini mwa Ziwa, Wakatoliki walikuwa Bukumbi tangu mwaka 1883. Hivyo Uchagga na Uhaya zikatangulia kwa shule, na sehemu kubwa ya Usukuma ikachelewa. Wazazi wengi Waislamu nao walisita kupeleka watoto wao shule za misheni, wakihofia kwamba wangebadilishwa dini. Juu ya hayo, serikali ya kikoloni ilitenga shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Kanisa lilileta nuru, lakini nuru hiyo haikuwafikia wote kwa kipimo kimoja.

Baada ya Uhuru, shule za kutengwa kwa rangi ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja tangu Januari 1962. Kisha, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilitwaa shule zilizokuwa zikipata ruzuku yake, zikiwemo za makanisa. Seminari zikabaki mikononi mwa makanisa. Jambo hilo liliwauma wengi, kwa kuwa waumini walibeba mawe na kufyatua matofali kwa mikono yao. Hata hivyo, tangu hapo mtoto hakuulizwa tena dhehebu lake ili apate dawati. Mwezi Novemba 1974 viongozi wa TANU, wakikutana Musoma, ng'ambo ya mashariki ya Ziwa hili hili, waliazimia kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo mwaka 1977. Nafasi za sekondari nazo ziligawanywa kwa mikoa. Yako malalamiko ya kweli hapa: mtoto wa mkoa uliotangulia aliweza kukosa nafasi ilhali mwenye alama chache wa mkoa mwingine akaipata. Lakini mbio hazina usawa ikiwa mmoja ameanza kukimbia miaka themanini kabla ya mwenzake.

Wasichana walikuwa na kizuizi chao. Azimio la Musoma liliwataka wanafunzi wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Sharti hilo liliwapunguza wanawake, nalo liliondolewa kwao mwaka 1976. Kanisa lilichukua muda mrefu zaidi. Ni mwaka 1990 tu ndipo KKKT ilipokubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na hata hapo dayosisi hazikuanza pamoja. Waliojaza madawati ya kanisa kwa miaka mingi walisubiri madhabahuni.

Leo shule za makanisa zimerudi kwa wingi, nyingi zikitoza ada. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na ile ya sekondari, hadi kidato cha nne, mwaka 2016. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi masomoni. Milango imeongezeka, lakini ya shule zetu wenyewe mingine ina bei. Mkuyuni kuna watoto wa wavuvi, wa mama lishe na wa wachuuzi, ambao ada ya muhula mmoja ni mapato ya miezi mingi.

Usharika unaoingia karne ya pili una deni kwao. Mababa na mama wa imani walijenga shule bila kuuliza faida; warithi wao wanapimwa kwa mtoto maskini aliyeketi darasani humo.