Mjusi wa Kimboza na Ilimu ya Kuangua Mayai

Chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, upo msitu mdogo wa Kimboza, wenye eneo la yapata kilomita 4 za mraba, uliosimama juu ya mawe ya chokaa. Na ndani yake humea miti ya jamii ya mkadi, yenye majani marefu ya miiba, ambamo huishi mjusi mdogo asiyepita urefu wa kidole cha mtu, dume akiwa na rangi ya samawati iliyokolea, na jike rangi ya kijani iliyoingiwa na shaba. Mtaalamu Arthur Loveridge, aliyekaa miaka mingi Afrika Mashariki kabla ya kwenda kutumikia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, ndiye aliyemwarifu mjusi huyu kwa walimwengu mwaka 1952, akamwita Lygodactylus williamsi. Na kwa karibu nusu karne baada ya hapo, huko ughaibuni jina hilo halikutoka sana nje ya vitabu vya wataalamu.

Wakati huo, Ulaya na Marekani, ilikuwa ikikua desturi ya kufuga mijusi majumbani, na aghalabu ya mijusi hao walikuwa wamekamatwa porini na kusafirishwa safari ndefu iliyowaangamiza wengi wao. Aliyeibadilisha hali hiyo ni mjusi mwenye madoa ya chui, Eublepharis macularius, mwenyeji wa Pakistan, Afghanistan na kaskazini mwa India, ambaye jike wake hutaga mayai mawili kwa mpigo, yenye ganda laini mfano wa ngozi, akayafukia katika mchanga wenye unyevu. Wafugaji waliozoea kuku, ambaye huyageuza mayai yake mara kwa mara, walilazimika kujifunza kinyume chake, kwani kiinitete cha mjusi hujishika upande wa juu wa yai, na yai likipinduliwa baada ya hapo huweza kufa. Kwa hiyo ikawa kanuni kulitia kila yai alama ya penseli utosini, kisha kulihamisha vivyo hivyo lilivyolala hadi kwenye kiatamizi, juu ya kitu chenye unyevu wa kadiri, kwa kuwa yai hilo hunywa maji na kufura kadiri siku zinavyokwenda.

Jambo lililowastaajabisha zaidi lilitokea Afrika. Mwaka 1966, huko Dakar, mwanazuoni Madeleine Charnier alitangaza kwamba jinsia ya vitoto vya mjusi wa jamii ya agama hufuata joto ambalo mayai yao yameatamiwa. Na uchunguzi uliofuata ukadhihirisha ya kuwa mjusi wa madoa naye yumo katika hukumu hiyo, hata mayai yake yakiwekwa katika nyuzijoto 26 karibu yote hutoa majike, yakiwekwa katika 32 na nusu hutoa madume kwa wingi, na joto likizidi kufikia 34 majike hurudi kuwa wengi. Tangu hapo kipimajoto kikawa ndicho mizani ya kazi hii, na mfugaji mwenye subira akaweza kuzalisha vizazi baada ya vizazi pasipo haja ya mtego, na ndiyo sababu leo walio wengi katika mijusi wa madoa wauzwao Ulaya na Marekani wamezaliwa mikononi mwa watu.

Mjusi wa Kimboza hakupata bahati hiyo. Mayai yake ni magumu, madogo mno, na jike huyagandisha mahali pa faragha. Anayejaribu kuyabandua huyavunja, hata imewalazimu wafugaji kuyaacha yalipo na kuyafunika kwa kikombe chenye matundu, ili vitoto vitakapotoka visiliwe na wakubwa. Lakini kabla maarifa hayo hayajaenea, biashara ilikuwa imekwisha fika msituni: kati ya mwisho wa mwaka 2004 na katikati ya 2009, kundi moja tu la wakamataji lilikadiriwa kuchukua mijusi zaidi ya 32,000, na palipokuwa na shida ya kuwafikia, mikadi yenyewe ilikatwa, mjusi akapoteza uhuru wake na maskani ya wenziwe kwa pigo moja la panga. Mwaka 2012 akaandikwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Mwaka 2016 Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai, na mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg ukakubali kuharimisha biashara ya mijusi wa porini wa aina hii, amri iliyoanza kutumika Januari 2017.

Habari za mijusi hawa wawili zatufundisha kwamba kuangua yai nyumbani ni fadhila kwa msitu pale tu ambapo wazazi wa yai hilo wamepatikana kwa halali, maana kitoto kilichozaliwa na mjusi wa wizi hakimsafishi mwizi, bali humfungulia soko. Mfugaji wa Ulaya anayejivunia kiatamizi chake na auulize ukoo wa mijusi wake kabla ya kuuliza bei. Nasi wenye Kimboza tuihesabu mikadi iliyosalia kuwa ni mali ya taifa, tuilinde na tuipande, kwa sababu hapana kiatamizi kilichoundwa na binadamu kinachoweza kushika nafasi ya msitu ule.