Kupotea kwa Baiskeli Nyuma ya Milima ya Iveti

Reli iliupita mji wa Machakos kwa mbali. Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilijenga kituo hapa, na kuanzia 1892 John Ainsworth aliendesha shughuli za Ukambani kutoka mji huu. Nairobi wakati huo ilikuwa kinamasi tu. Halafu reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafuata tambarare za Athi badala ya kuhangaika na milima, ikafika Nairobi Mei 1899, na makao ya mkoa yakahamishwa kuifuata. Machakos ikabaki na jina lake, na hata hilo lilikosewa: mwenyewe aliitwa Masaku, na wenyeji bado wanasema Masaku.

Wakamba husimulia kwamba nabii wao, Syokimau, alitabiri nyoka mrefu wa chuma atakayetoka baharini. Leo kuna stesheni inayoitwa Syokimau, ilifunguliwa 2012, na treni ya SGR nayo inaanzia upande huohuo. Nabii kapewa stesheni. Mji wa Masaku mpaka sasa haujapata hata kibanda cha tiketi.

Kwa mtu wa baiskeli, kupitwa huko ni bahati. Malori yako chini kule, kwenye barabara ya Mombasa. Huku juu kumebaki vijia vyembamba vya udongo mwekundu, katikati ya miembe, miparachichi na mashamba ya kahawa. Mimi na rafiki yangu tulitoka mjini saa moja asubuhi. Mpango ulikuwa tupande Ngelani, tushukie Mutituni, tupite Kathiani, halafu tujipenyeze kwa njia za ndani hadi Kangundo, turudi Nairobi na matatu, baiskeli zikiwa zimefungwa juu. Kwenye simu ilikaa rahisi sana.

Ramani ya simu ilianza kutuchezea mapema. Mstari wa bluu ulipanda mlima moja kwa moja, safi kabisa. Tulipoufuata tukajikuta mbele ya ukuta wa udongo uliofunikwa na nyasi za napia, kimo cha kifua changu. Juu yake mahindi. Juu ya mahindi, ukuta mwingine. Ile "barabara" ilikuwa ngazi ya matuta, na hakukuwa na la kufanya ila kubeba baiskeli begani, huku watoto wawili wakitufuata na kucheka bila kujificha.

Matuta yale yana habari ndefu. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kuhusu Machakos kama mahali palipokwisha: udongo umekwenda na maji, ng'ombe wamezidi. Kwamba walowezi walikuwa wamechukua ardhi nzuri jirani, Mua Hills ikiwemo, na kuwabana watu na mifugo yao, halikuwapa shida sana. Dawa yao ikawa kupunguza ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwakamata na kuwauza kwa lazima, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinafunguliwa Athi River, nacho kinahitaji wanyama. Hesabu hiyo watu waliiona hata bila shule.

Watu wa milimani wakakataa, Ngelani ikiwa mstari wa mbele. Julai mwaka huo zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliteremka wakaandamana hadi Nairobi kumtafuta gavana, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa Lamu, mbali na kwao. Lakini kukamata ng'ombe kwa nguvu kukaachwa. Wengi wetu tunamjua kama barabara ya katikati ya jiji, pale karibu na City Market. Mimi pia nilipita hapo miaka mingi nikitafuta matatu kabla ya kujua ni mtu. Ukishashuka Ngelani kwa baiskeli, umeshika breki mpaka vidole vinakufa ganzi, unaanza kuwaza ilikuwaje kuiacha milima ile na watoto mgongoni, bila kujua utalala wapi.

Matuta yenyewe nayo yalianza kama kazi ya lazima, na watu waliyachukia kwa sababu hiyo. Yaliyodumu ni yale wakulima waliyoyachagua wenyewe, hasa fanya juu. Jina linajieleza: unachimba mtaro ukifuata usawa wa mlima, udongo unaurusha upande wa juu, na mvua baada ya mvua shamba linajilaza kama benchi. Maneno hayo mawili ya Kiswahili leo yamo kwenye vitabu vya hifadhi ya udongo vya Kiingereza, bila kutafsiriwa. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwenye vikundi vya mwethya, leo shamba langu kesho lako. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kuhusu Machakos ya zamani, ile wilaya iliyojumuisha Makueni. Walionyesha kwamba kati ya 1932 na 1990 watu waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi kama milioni 1.4, na mmomonyoko badala ya kuzidi ukapungua. Yaani ardhi iliyoandikiwa kifo ilipona ikiwa na watu karibu mara sita.

Na vijia? Vingi vinatembea kwenye kingo za matuta hayo, ndiyo maana havinyooki. Vinazunguka mlima kama mtu anayekwepa deni. Ramani iliyochorwa kwa kutazama kutoka angani inaona mistari myembamba, na nadhani inashindwa kujua upi ni njia na upi ni jasho la mwethya.

Baada ya Mutituni tulisimama Kyamwilu, pale ambapo macho yanakwambia barabara inateremka huku maji yakimwagwa yanaelekea "juu". Vijana wa hapo wanakumwagia maji uone, unawaachia kitu kidogo. Ni mchezo wa macho, mteremko ulivyolala kati ya vilima. Ila miguu yangu haikudanganyika. Ilijua ni wapi inapanda.

Kuanzia Kathiani tuliizima simu tukaanza kuuliza watu. Jibu la kwanza, "Nyoosha tu, si mbali." La pili, "Hiyo mmepita, rudini mpaka kwa mwembe." Miembe ilikuwa mingi. Jamaa wa nduthi alitutazama, akatazama matairi yetu, akasema tungempa tu pesa angetupeleka na baiskeli zetu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Krapf.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe. Enzi hizo Wakamba ndio waliojua njia kati ya bara na Mombasa; walizitembea kwa miguu wakiwa na mizigo. Desemba 3 mwaka huo, kutoka huko Ukambani, Krapf akauona mlima ambao jina lake alilipata kwa wenyeji wake, na ambao leo umeipa nchi jina. Mwaka 1851 alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani walivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo, akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki. Alipofanikiwa kurudi kwa watu wa Kivoi, wengine walimlaumu kwa kifo kile. Vitabu vingi vinamwita mvumbuzi. Kilichompeleka mbali ni Kivoi, na Kivoi alipokufa mvumbuzi akawa mtu aliyepotea na kiu.

Saa kumi hivi kijia chetu kiligonga waya. Nguzo mpya za mawe, geti la mabati ya bluu, na kibao cha "PLOT HII HAIUZWI". Ng'ambo ya waya kijia kiliendelea kama kawaida, kimechimbwa na miguu mpaka kina. Susu mmoja alikuwa akipura maharagwe kando. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza tumetoka wapi na kama wazazi wetu wanajua.

"Hiyo ilikuwa njia ya kwenda kisimani na kanisani," akasema. "Tangu sijaolewa. Mwenye kununua anakaa Nairobi, hatumjui."

"Sasa watu wanapita wapi?"

Akanyoosha mkono kwenye shamba lake. Kweli, ukingoni mwa tuta lake kulikuwa na mstari mpya, nyasi zimelala lakini udongo haujakomaa. Alituonya tusikanyage kunde. Tulipita tukiwa tumebeba baiskeli, yeye nyuma yetu akielekeza: tuta la tatu, kushoto, kisha mjukuu wake angetuonyesha pa kuvukia mto. Mwanawe wa kwanza, alisema, amekwisha kuita sorveya wagawane shamba, na yeye amemwambia sorveya aache futi sita pale ukingoni. Sorveya alisema ataangalia.